Mwanangu anataka injini ya Subaru, mjomba anataka gari la mama libaki lilivyo

Kwako Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Marehemu mama yangu alikuwa mkunga, na mwaka 1974 alinunua Volkswagen Beetle iliyokwishatumika. Alikwenda nayo kazini Muheza miaka mingi, na sisi watoto tulijifunzia udereva humo. Ilisimama mwaka 1998 ikafunikwa turubai kwenye banda la uani. Mama alifariki mwaka juzi. Baada ya arobaini ndugu walikaa wakasema gari nichukue mimi, kwa kuwa ndiye niliyemuuguza.

Nimemwita fundi mzee anayezijua gari hizi, nami nimeandika kila alichoniambia. Namba ya chasi, iliyo chini ya kiti cha nyuma, inaanza na 116. Kwenye boneti ya nyuma kuna nembo ya 1300. Namba ya injini inaanza na herufi H. Umeme ni wa volti 6. Alimwaga oili ya zamani, akaweka mpya, akaazima betri, akalisha petroli kutoka kwenye kidumu, na injini ikawaka. Baadaye akapima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda: silinda ya kwanza psi 110, ya pili 108, ya nne 105, ila ya tatu ni 60 tu. Sakafu chini ya betri imeoza hadi ardhi inaonekana, na zile mbavu za chini ya milango zimeliwa na kutu. Kanyagio la breki linakwenda mpaka chini.

Sasa ugomvi. Mwanangu wa kwanza anasoma ufundi wa magari Dar es Salaam. Anasema injini hii imekufa, na amepata injini ya Subaru EJ20 kwa bei nzuri. Anataka kuifunga nyuma, rejeta ikae mbele, gari lishushwe na livishwe rimu pana. Anakadiria milioni 7. Mjomba wangu aliye Mombasa amesikia, akapiga simu usiku. Anasema gari hizi ndizo zilizoshinda Safari Rally, na tukibadilisha hata taa tutakuwa tumemzika dada yake mara ya pili. Fundi naye anashauri tuweke injini ya 1600 na umeme wa volti 12. Amesema pia yale mabati yanayoizunguka injini yatolewe ili ipate hewa.

Mimi nataka kuliendesha tu. Nifike Muheza, na siku nyingine Dar. Nina akiba ya milioni 12, na haitaongezeka. Nikimsikiliza mmoja namuudhi mwingine. Nifanyeje?

Mwenye Gari la Mama, Tanga

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, pole sana kwa msiba, na pole kwa kuwekwa katikati. Umefanya jambo zuri kuandika namba zote, maana ndizo zitakazotusaidia kuliko maneno ya mtu yeyote.

Nikikuelewa vizuri, hawa watatu kila mmoja anaongelea gari lake. Mwanao anaona gari linaloweza kujengwa upya. Mjomba anamwona dada yake. Fundi anaona kazi anayoiweza. Wewe ndiye pekee uliyetaja safari unayotaka kuifanya, na hilo ningependa tulishike tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuanze na ile herufi H, kwa sababu nadhani hakuna aliyekueleza maana yake. Namba ya chasi inayoanza na 116 ni ya modeli ya mwaka 1966, na nembo ya 1300 inaafikiana nayo. Beetle 1300 ya mwaka huo ilitoka kiwandani na injini ya sentimita za ujazo 1285, nguvu za farasi 40, na namba ya injini iliyoanza na F. Herufi H ni ya injini ya 1500, yenye nguvu za farasi 44, ambayo ilianza kufungwa Agosti 1966 kwenye modeli ya 1967. Kwa hiyo injini iliyomo sasa siyo iliyozaliwa na gari. Mtu aliibadilisha, ama mama mwenyewe ama aliyemuuzia. Wala hakuiharibu gari kwa kufanya hivyo. Aliweka injini ya ukoo uleule yenye nguvu kidogo zaidi, na gari likaendelea kwenda Muheza.

Nadhani mjomba angestahili kulijua hili, na alisikie kwako kwa upole. Anapotetea gari libaki lilivyo, tumuulize: lilivyo lini? Lilipotoka kiwandani, au lilipokuwa mikononi mwa mama yako? Hayo ni magari mawili tofauti. La kwanza linadai injini ya F. La pili linadai hii ya H, pamoja na kila alama aliyoiacha mama kwenye viti na usukani.

H hiyo inaleta swali jingine la karatasi. Kadi ya gari imeandikwa namba gani ya injini, na ina jina la nani? Kama kadi bado inasema F, badiliko lile halikuwahi kuandikishwa, na lolote mtakalolifunga sasa litabidi lipelekwe TRA, mamlaka ya mapato, liingizwe. Na kama jina bado ni la marehemu, kauli ya ndugu baada ya arobaini ni nzuri lakini haitoshi kuhamisha umiliki. Muhtasari wa kikao cha familia unapelekwa mahakamani, msimamizi wa mirathi anateuliwa, naye ndiye anayesaini. Nakusihi usiteketeze milioni hata moja kabla ya hatua hii. Ndugu waliokubaliana juu ya gari bovu bandani huweza kubadilika wakiliona linang'aa barabarani.

Sasa injini. Mwanao anasema imekufa. Mimi ningesita kutumia neno hilo. Silinda tatu zinasoma zaidi ya psi 100, na kwa injini ya 1500 iliyosimama miaka yote hiyo, hicho ni kipimo cha heshima. Tatizo ni silinda moja, na ni ya tatu, iliyo upande wa kushoto karibu na gia boksi. Kuna sababu. Kwenye injini za Beetle za kabla ya modeli ya 1971, kipozea oili kimesimama ndani ya boksi la feni, juu ya silinda ya tatu kabisa. Upepo wa feni unapita kwanza kwenye kipozea hicho chenye oili ya moto, ndipo unaifikia silinda. Ya tatu hupata upepo uliokwishachoka. Valvu yake ya eksozi ndiyo inayoungua au kurefuka kabla ya nyingine, na ikikatika, kichwa chake hudondoka na kutoboa pistoni.

Lakini psi 60 inaweza pia kuwa jambo dogo. Gari likisimama miaka mingi, kuna valvu moja hubaki wazi, na unyevu wa pwani hushika kutu kwenye kikalio chake. Inaweza kuwa hata valvu imebanwa mno. Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote, mwombe fundi afanye mambo matatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza, apime mwanya wa valvu asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, maana ikiwa na joto kipimo kinadanganya. Zote ziwe milimita 0.15. Aanze silinda ya kwanza ikiwa juu kwenye mgandamizo, kisha azungushe puli kinyume cha saa nusu mzunguko kwa kila silinda, atazifikia kwa mfuatano wa 1, 2, 3, 4. Kama valvu ya eksozi ya tatu haina mwanya kabisa, airekebishe, injini iendeshwe kilomita chache, apime tena. Mwanya ukipungua tena, valvu inarefuka, na silinda hedi, yaani kifuniko kinachobeba valvu, lazima ifunguliwe. Mwanya ukipanuka isivyo kawaida, atazame stadi, yaani boliti ndefu zinazoshika hedi. Kreki kesi, yaani boksi kuu la injini, ni ya aloi ya magnesiamu, na nyuzi zake hung'oka. Dawa yake ipo, huchongwa na kuvalishwa nyuzi za chuma, lakini injini lazima ivuliwe yote.

Pili, apulize hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi ya tatu, valvu zote mbili zikiwa zimefunga, gari likiwa gia ya nne na limezuiwa magurudumu. Halafu asikilize. Hewa ikivuma kwenye eksozi, ni valvu ya eksozi. Ikivuma kwenye kabureta, ni valvu ya kuingiza. Ikivuma kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au pistoni. Dakika kumi za kusikiliza zinaweza kukuokolea mamilioni.

Tatu, na hili hata wewe unaweza kulifanya: injini ikiwa imezimwa, shika puli kubwa ya nyuma kwa mikono miwili, isukume mbele kisha ivute kwako kwa nguvu. Mchezo unaotakiwa ni milimita 0.07 hadi 0.13, ambao mkono hauuhisi kwa urahisi. Ukisikia mgongano wa chuma, krankishafti, yaani mhimili mkuu wa injini, inacheza. Inaweza kuwa shimu tatu tu, yaani ringi nyembamba za nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, au inaweza kuwa nyumba ya beringi ndani ya kreki kesi imetanuka. La pili ndilo linaloweza kuhalalisha neno la mwanao.

Kuhusu mabati, hapa nitasema wazi kwa sababu si suala la ladha: yasitolewe. Injini hii haina maji. Mabati hayo ndiyo yanayoubana upepo wa feni upite katikati ya mapezi ya silinda badala ya kutawanyika. Ukiyatoa, upepo unakwenda ovyo, na hewa ya moto iliyotoka chini inarudi kuvutwa na feni. Mpira unaoizunguka injini pembezoni una kazi hiyohiyo ya kutenganisha hewa baridi ya juu na moto wa chini, na kwa umri huu lazima umekauka na kupasuka. Mpira mpya hauna gharama kubwa. Fundi wako anaonekana mtu mwema na mzoefu, ila kwa hili mwambie hapana. Mkanda wa feni nao ukibonyezwa katikati uingie milimita 15 hivi. Ukilegea, haubanwi kwa kuvuta dainamo. Unatoa shimu moja katikati ya nusu mbili za puli na kuihamishia nje. Oili ni lita 2.5 tu, na kwa joto la Tanga SAE 30 inafaa. Injini haina filta ya karatasi, ina chujio la waya, kwa hiyo oili ibadilishwe kila kilomita 5,000 au mapema zaidi.

Tukija kwenye njia zilizo mbele yako, sitakuchagulia. Nitakuonyesha kila moja inadai nini.

Kuitengeneza hii ya H ni njia inayomfaa mjomba, na labda ni ya bei nafuu kama kosa liko kwenye hedi peke yake. Hatari yake ni kwamba ukishafungua hedi unaweza kukuta mengine. Na hata ikiwa nzima, hii ni gari ya mwendo wa kilomita 90 kwa saa. Muheza utafika bila wasiwasi. Barabara ya Dar yenye malori na mabasi utaiendea kwa kutoka alfajiri.

Injini ya 1600 inaingia mahali palepale na inaleta nguvu za farasi 50. Kama ni ya modeli ya 1971 au baadaye, kipozea oili chake kimehamishwa pembeni, kwa hiyo silinda ya tatu inapumua kama wenzake. Kwangu hiyo ni faida kubwa kuliko zile farasi. Lakini kuna mtego. Flaiwili ya mfumo wa volti 6 ina meno 109, ya volti 12 ina meno 130 na ni kubwa zaidi. Gia boksi ya 1966 huwa haiipokei mpaka ichongwe ndani, na staata nayo inahitaji bushi yake. Mwambie fundi ayahesabu meno ya hii iliyomo. Kama ni 130, aliyefunga H alikwishachonga, au gia boksi nayo si ya zamani, na nusu ya kazi imekwisha. Kubadili umeme kunataka betri, dainamo na regyuleta yake, koili, balbu zote, honi, kikatizi cha indiketa, mota ya waipa, na vile vidude viwili vya umeme kwenye kabureta. Geji ya petroli iacheni, ya mwaka huo huvutwa kwa waya wa chuma, haitumii umeme. Kizuri cha njia hii ni kwamba H inaweza kupakwa grisi, ikafungwa kwenye sanduku na kuwekwa darini. Siku yoyote mtu akitaka, inarudi.

Ya Subaru siidharau. Ni injini nzuri, vipuri vyake vipo kila mji, na kijana anayeifunga vizuri atakuwa amejifunza mengi. Ila milioni 7 zake nadhani zinahesabu injini na sahani ya kuiunganisha na gia boksi, hazihesabu kinachofuata. Inatoka nguvu za farasi 120 au zaidi, mara tatu ya zile gari ilizojengewa, na gia boksi haikutengenezwa kwa hizo. Ekseli za nyuma za 1966 ni za kubembea. Ukikata kona kwa kasi kisha ukaachia mafuta ghafla, nyuma hunyanyuka, gurudumu linakunjika kwa ndani na gari linaweza kupinduka. Kwa farasi 44 hilo hutokea kwa nadra. Petroli nayo: pampu ya kabureta husukuma kwa shinikizo dogo sana, ya Subaru husukuma kwa baa 3 hivi na inahitaji bomba la kurudisha kwenye tangi. Bomba la zamani linalopita ndani ya sakafu na mipira yake halifai kubeba shinikizo hilo, na Beetle nyingi zimeteketea kwa mpira wa petroli uliochomoka juu ya injini ya moto. Mwisho, ili rejeta ikae mbele na injini ienee nyuma, bodi hukatwa. Injini inaweza kurudishwa. Bati lililokatwa ni gumu kulirudisha.

Hebu mkalishe mwanao, umuulize bila kumpinga: breki utafanyaje? Ekseli? Bomba la petroli? Gharama ya kila kimoja? Akija na majibu yaliyoandikwa, umepata fundi. Akikosa, ameona mwenyewe kwamba bado.

Na kuna kazi mbili ambazo ningependa aziongoze yeye leo, kwa sababu zinahitajika vyovyote mtakavyoamua, na akiba yako ianzie hapo. Ya kwanza ni kutu. Zile mbavu za chini ya milango ndizo zinazobeba bodi. Zikikatwa bila kwanza kuchomelea vyuma vya kushikilia nafasi za milango, bodi inalegea na milango haitafunga tena. Bodi ibaki imekalia chasi yake, upande mmoja umalizwe ndipo uguswe wa pili. Sakafu chini ya betri iwekwe bati jipya, siyo kiraka juu ya kutu. Betri ifungwe mkanda na kufunikwa, maana springi za kiti cha nyuma zikigusa vichwa vyake mtu mzito anapokaa, moto huanza.

Ya pili ni breki. Masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, ya 1966 ina njia moja: ikivuja popote, magurudumu yote manne hayana breki. Masta ya njia mbili inaweza kufungwa, haionekani kwa nje, na sidhani mjomba ataihesabu kuwa ni kumgusa dada yake. Mikanda ya usalama vilevile. Mipira minne ya breki itupwe hata kama inaonekana mizima, kwa ndani huvimba na kuziba. Kila gurudumu lina nyota mbili za kubana, unazifikia kwa bisibisi kupitia tundu la dramu. Unabana mpaka gurudumu likwame, kisha unalegeza mpaka lizunguke kwa kukwaruza kidogo. Hewa itolewe kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Nati za dramu za nyuma ni za spana 36 na hubanwa kwa Nm 300, kwa hiyo atafute bomba refu la kurefushia spana, na aweke pini mpya.

Mjomba hajakosea kuhusu Safari Rally. Volkswagen ilishinda mwaka 1954, 1957 na tena 1962, na zile gari za mwanzo zilikuwa karibu sana na zile zilizouzwa dukani. Hilo ni fahari ya kweli. Pengine mpe nafasi kwenye kazi hii badala ya simu za usiku: Mombasa si mbali, aje aone gari, achague rangi, asimulie dada yake alivyoliendesha. Mtu aliyeshika brashi huwa na maneno laini kuliko aliye mbali.

Ukishapata majibu ya hewa ya silinda ya tatu, mchezo wa puli na hesabu ya meno, niandikie tena pamoja na kile kilichoandikwa kwenye kadi. Kwa sasa banda libaki wazi lipate hewa, na petroli ya zamani iondolewe kwenye tangi kabla mtu hajaanza kuchomelea.